Maabara bila sungura: tunajibu maswali yenu

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaoshika pipeti kila siku na kwa wasiowahi kuiona. Tumefupisha maswali, na majibu tumeyapa urefu kulingana na uzito wa jambo lenyewe.

Kopo la mafuta ninayojipaka limeandikwa "haijajaribiwa kwa wanyama". Niamini?
*— Msomaji wa siku nyingi*

Amini, lakini soma maneno yenyewe kwa makini. Mara nyingi yanahusu bidhaa iliyokamilika tu, yaani mafuta kama yalivyo ndani ya kopo. Kiambato kimoja kimoja huenda kilijaribiwa kwa sungura miongo mingi iliyopita, au kilijaribiwa chini ya sheria nyingine kwa sababu hutumika pia kwenye rangi za kuta au sabuni za viwandani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kwa hatua: bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, viambato mwaka 2009, kisha tarehe 11 Machi 2013 ukafunga mlango wa kuuza vipodozi vyovyote vilivyojaribiwa kwa wanyama kwa ajili ya matumizi ya vipodozi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoacha upenyo. Mwulize mtengenezaji mambo mawili: je, ahadi hiyo inawahusu pia wanaomuuzia viambato, na inaanzia tarehe gani?

Nikisikia "njia mbadala" naelewa kompyuta au seli badala ya panya. Mbona mhadhiri wetu anaingiza na habari za kupunguza idadi ya panya?
*— Mwanafunzi wa famasia, mwaka wa pili*

Mhadhiri wako anafuata mgawanyo wa William Russell na Rex Burch, waliouandika mwaka 1959 na unaotumika hadi leo: kubadilisha, kupunguza, kuboresha. Kubadilisha ni kumwondoa mnyama kabisa. Kupunguza ni kupata jibu lilelile kwa wanyama wachache. Kuboresha ni kumpunguzia maumivu na hofu yule ambaye bado yumo.

Usivione kama ngazi, kwamba ukimaliza kimoja unapanda kingine. Anza na swali: mnyama huyu alikuwa anatujibu nini hasa? Zamani kipimo cha ujauzito kilihitaji chura. Mkojo wa mwanamke ulidungwa chini ya ngozi ya chura jike wa jamii ya *Xenopus*, naye akitaga mayai, basi mwanamke ana mimba. Swali lilikuwa moja tu: je, kuna homoni ya hCG kwenye mkojo? Swali lilipotamkwa hivyo, kijiti chenye kingamwili kikalijibu kwa dakika chache. Lakini ukiuliza "dawa hii itaufanyia nini mwili mzima kwa miezi sita?", umeuliza maswali mia kwa pamoja, na hakuna kijiti kimoja cha kuyajibu yote.

Tunafanya jaribio la mwasho wa ngozi kwa tishu za EpiDerm. Kidhibiti hasi chetu (tishu zisizotiwa kemikali) kimetoa OD, yaani ukolezi wa rangi, wa 0.6 mara mbili mfululizo na tumelazimika kutupa matokeo yote. Tunakosea wapi?
*— Fundi wa maabara*

Mmefanya sawa kuyatupa. Mwongozo namba 439 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi mbalimbali, unataka kidhibiti hasi cha tishu hizi kisome kati ya 0.8 na 2.8. Chini ya hapo tishu ilikuwa hoi kabla hamjaigusa kwa kemikali, au kipimo chenyewe kimeharibika.

Kwa faida ya wasomaji wengine tupitie jaribio lote. Tishu ni seli za ngozi ya binadamu zilizooteshwa juu ya utando, ndani ya vikombe vidogo, hadi zikajenga tabaka ngumu la juu kama la ngozi halisi. Zikifika hupewa mlo mpya na kulala kwenye inkubeta usiku kucha. Kila kemikali hupewa tishu 3. Ikiwa ni kimiminika weka mikrolita 30. Ikiwa ni unga weka miligramu 25, ukiwa umeilowesha tishu kwanza ili unga ushike. Kidhibiti hasi ni maji ya chumvi ya PBS, na kidhibiti chanya, kinachojulikana kuwa kinawasha, ni SDS (aina ya sabuni) ya asilimia 5. Kemikali hukaa dakika 60, ambapo 35 kati yake tishu huwa ndani ya inkubeta ya nyuzi 37. Kisha suuza. Baada ya hapo tishu hupumzika saa 42, mlo ukibadilishwa zikipita saa 24. Hapo ndipo MTT inapoingia, miligramu 1 kwa mililita, kwa saa 3. Seli iliyo hai huigeuza MTT ya manjano kuwa fuwele za zambarau. Fuwele huyeyushwa kwa isopropanoli na rangi husomwa kwenye nanomita 570. Tishu zilizobaki na uhai wa asilimia 50 au pungufu ya ule wa kidhibiti hasi zinakwambia kemikali inawasha.

Sasa hiyo 0.6 yenu. Chunguzeni kwa mpangilio huu. Kwanza, viputo vya hewa chini ya kikombe: kiputo kimoja huzuia mlo kufika kwenye utando, na sehemu hiyo ya tishu hufa njaa. Inua kila kikombe utazame, mara baada ya kukiweka na tena baada ya nusu saa. Pili, MTT iliyozeeka au iliyoachwa kwenye mwanga. Itengenezeni siku hiyohiyo, ifunikwe kwa karatasi ya alumini. Tatu, fuwele ambazo hazikuyeyuka zote: isopropanoli mililita 2 kwa tishu, mashine ya kutikisa kwa saa 2, kisha toboa tishu kwa sindano ili rangi iliyonaswa ndani itoke. Kama bado mnaona zambarau kwenye tishu, mmeipima nusu tu. Nne, safari. Kifurushi kikichelewa njiani, hakuna ustadi wa fundi utakaokifufua, na jambo la busara ni kumwandikia muuzaji awabadilishie.

Tuongeze onyo kuhusu kusuuza, maana hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Mkondo wa PBS mara 15, kisha kikombe kizamishwe mara 3 ndani ya mililita 150. Ukisuuza kwa woga, kemikali inabaki ikiendelea kuchoma kwa saa 42 nawe utaiita mwasho kitu kisichowasha. Ukilenga mkondo katikati ya tishu kwa nguvu, unaichana. Lenga ukuta wa kikombe. Na tishu zianzishwe kwa kupishana dakika moja moja, la sivyo ya mwisho itakuwa imekaa na kemikali muda mrefu kuliko ya kwanza.

Pia kuna kemikali zinazoigeuza MTT zenyewe bila msaada wa seli hai. Changanya mikrolita 30 au miligramu 25 za kemikali na mililita 1 ya MTT, acha saa moja gizani kwenye nyuzi 37. Ikigeuka buluu au zambarau, rudia jaribio sambamba kwenye tishu zilizouawa kwa kugandishwa, utoe rangi hiyo ya uongo kwenye hesabu. Usipofanya hivyo sumu itajificha nyuma ya rangi yake yenyewe na kuonekana salama.

Na msiazime muda kutoka mfumo mwingine. EpiSkin, kwa mfano, hukaa na kemikali dakika 15 tu.

Na macho je? Nasikia mnatumia macho ya ng'ombe. Huyo si mnyama?

Ni mnyama, ila amechinjwa kwa ajili ya nyama na macho yake yangetupwa. Hakuna aliyeuawa kwa sababu ya jaribio, na hiyo ni tofauti kubwa na jaribio la Draize la mwaka 1944, ambapo kemikali ilitiwa kwenye jicho la sungura aliye hai, kisha wekundu, uvimbe na ukungu vikapewa alama siku baada ya siku.

Macho huchukuliwa machinjioni yakiwa ndani ya maji ya chumvi ya Hanks, kwenye baridi, na hutumika siku hiyohiyo. Konea (tabaka angavu la mbele ya jicho) yenye mkwaruzo, mshipa au ukungu hutupwa. Zilizo nzima hukatwa na kubanwa kwenye kishikizo chenye vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, kwenye nyuzi 32 kwa saa moja. Kimiminika huwekwa mikrolita 750 kwa dakika 10, husuuzwa, kisha konea hupumzika saa 2. Vitu viwili hupimwa: ukungu ulioongezeka, na kiasi cha rangi ya fluoreseini kinachovuja kupita konea kwa dakika 90. Alama ya mwisho ni ukungu ukijumlisha mara 15 ya OD ya rangi iliyovuja. Ikizidi 55, kemikali huharibu jicho vibaya. Ikiwa 3 au chini, haihitaji kuainishwa. Katikati ya hapo jaribio halisemi kitu, na asikudanganye mtu anayeijaza pengo hiyo kwa kubahatisha. Huenda ukahitaji jaribio la pili, kama la tishu za konea ya binadamu iliyooteshwa maabara.

Udhaifu wake unajulikana: alkoholi na ketoni huonekana kali kuliko zilivyo. Na ukiigusa konea upande wa nyuma kwa koleo, umeua tabaka jembamba la seli zinazozuia maji, kwa hiyo itajaa ukungu hata bila kemikali.

Ninapima sumu kwenye seli za ini za HepG2. Karibu kila dawa ninayoiweka inaonekana salama, hata zile tunazojua zinaua ini. Nifanye nini?
*— Mwanafunzi wa uzamili*

Kosa haliko mkononi mwako. HepG2 zilitoka kwenye uvimbe wa ini, na vimeng'enya vyake vya kusaga dawa ni haba. Kwa mfano, paracetamol yenyewe si mwuaji mkuu. Ini la binadamu hugeuza sehemu yake kuwa NAPQI kwa kimeng'enya CYP2E1, na hiyo NAPQI ndiyo inayoua seli akiba ya glutathioni ikiisha. Seli isiyokuwa na kimeng'enya haiwezi kutengeneza sumu, basi haiwezi kufa nayo. Kama swali lako linahusu dawa zinazogeuka sumu ndani ya ini, hamia HepaRG, seli nyingine za ini zenye vimeng'enya hivyo, au seli za ini zilizotolewa moja kwa moja kwa binadamu. Hizi za pili nazo zina hila yake: zikilazwa bapa kwenye sahani hupoteza vimeng'enya ndani ya siku chache. Zifunike kati ya matabaka mawili ya kolajeni, au zioteshe kama vitufe vidogo.

Mtego wa pili ni sukari. Kwenye mlo wenye glukosi nyingi, HepG2 hupata nguvu kwa njia ya mkato bila kutegemea mitokondria. Dawa inayoua mitokondria inapita bila seli kujali. Ondoa glukosi uweke galaktosi milimola 10, seli zilazimike kutumia mitokondria, kisha linganisha sahani hizo mbili. Dawa iliyo kali kwenye galaktosi na pole kwenye glukosi imejitambulisha yenyewe.

Kabla ya hayo yote, hakikisha mambo ya msingi ambayo watu hawapendi kuyafanya. Je, seli zako ni HepG2 kweli? HeLa, seli za saratani zilizotolewa mwaka 1951, zimevamia chupa nyingi za seli duniani bila wenye maabara kujua. Peleka sampuli ikapimwe alama za DNA za aina ya STR, ulinganishe na kumbukumbu za benki ya seli. Je, zina mikoplazma? Bakteria hawa hawana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwagusi. Ni wadogo kiasi cha kupenya kichujio cha mikromita 0.2, na hawalifanyi jimaji kuwa na ukungu. Watakula mlo, watapotosha MTT, na chupa itaonekana safi kabisa. Pima kwa PCR kila mwezi, na seli mpya zikae inkubeta yao peke yake hadi majibu yarudi. Zikikutwa nazo, zitupe. Kutibu kunachukua wiki nyingi na huachi kushuku.

Vishimo vya pembeni vya sahani ya vishimo 96 hukauka haraka kuliko vya katikati. Vijaze PBS vyote 36 vya ukingoni, ufanye kazi kwenye 60 vilivyobaki. DMSO, kiyeyushi cha dawa, isizidi asilimia 0.5, na kiasi kilekile kiwe kwenye kila kishimo, pamoja na vidhibiti.

Tunajisifu kwamba hatutumii wanyama, lakini seli zetu tunazilisha seramu ya kijusi cha ndama. Si unafiki huu?
*— Mtafiti msaidizi*

Swali hili huwakera watu, na linastahili kuwakera. Seramu hiyo hutolewa kwenye damu ya kijusi pale ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Na iko zaidi: Matrigel, ule utomvu ambao oganoidi nyingi (vijiungo vidogo vya maabara) huoteshwa ndani yake, hutoka kwenye uvimbe wa panya. Hata jaribio la Ames, ambalo hutumia bakteria kutafuta kemikali zinazoharibu DNA, huongezewa S9, na S9 ni juisi ya ini la panya. Mbali na maadili, kisayansi seramu ni supu isiyo na orodha ya viungo. Kila shehena ina tabia yake, na jaribio lililofaulu mwezi huu linaweza kukwama shehena ikibadilika.

Kuhama kunawezekana, ila usihame kwa siku moja. Anza na seli zenye uhai zaidi ya asilimia 90, zikiwa katikati ya ukuaji wa kasi. Gandisha akiba kwanza. Changanya mlo wa zamani na mpya kwa 75 kwa 25, kisha 50 kwa 50, kisha 25 kwa 75, kisha 10 kwa 90, hadi mpya mtupu, ukiwapa seli vizazi viwili au vitatu kila hatua. Zikigoma, rudi hatua moja nyuma. Panda seli nyingi kidogo kuliko kawaida. Punguza antibiotiki, kwa sababu protini za seramu zilizokuwa zikizifunga hazipo tena, na dozi ya zamani sasa ni sumu. Kumbuka pia kwamba seramu ndiyo iliyokuwa ikizima tripsini wakati wa kung'oa seli. Bila hiyo tripsini inaendelea kutafuna, basi tumia kizuizi cha tripsini kitokanacho na soya.

Wengine hutumia maji ya chembe sahani za damu ya binadamu, kutoka kwenye damu ya wachangiaji iliyopita muda wa kuongezewa wagonjwa. Inafanya kazi vizuri kwa seli nyingi, lakini huganda isipotiwa heparini, na heparini hutengenezwa kwa matumbo ya nguruwe. Unaona jinsi uzi huu usivyokatika upesi! Zipo aina zilizoondolewa fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) ambazo hazihitaji heparini. Ulizia hizo.

Hizo chipu zenye mapafu na ini ndani yake ni kitu gani? Zitamaliza kazi ya panya?

Chipu ya pafu iliyotengenezwa katika taasisi ya Wyss, Chuo Kikuu cha Harvard, na kutangazwa mwaka 2010, ni kipande cha silikoni angavu chenye mifereji miwili myembamba, mmoja juu ya mwingine. Katikati kuna utando wa mikromita 10 wenye vitundu. Juu huwekwa seli za pafu zinazoguswa na hewa, chini seli za mishipa ya damu zinazopitiwa na jimaji. Mifereji miwili ya pembeni huvutwa hewa ili utando utanuke na kunywea kama mtu anavyopumua. Kupumua huko si pambo. Katika jaribio la chembe ndogo za silika, mvuto huo uliongeza madhara ambayo sahani tulivu haikuyaonyesha.

Kwa ini kuna ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi iliyotumia chipu 870 na dawa 27 zinazojulikana madhara yake kwa watu. Chipu zilizitambua asilimia 87 ya dawa zenye sumu ya ini, na hazikuisingizia hata moja iliyo salama. Uzito wa matokeo hayo unatokana na kwamba dawa kadhaa kati ya hizo zilikuwa zimeshapita kwa wanyama kabla ya kuwadhuru watu.

Lakini silikoni hiyo, PDMS, hunywa dawa zinazopenda mafuta. Unaweka mikromola 10, seli zinapata 2, nawe unaandika kwamba dawa ni salama kwenye 10. Suluhisho ni kupima kiasi kilichobaki kwenye jimaji linalotoka, si kile ulichomimina, na kuendesha chipu tupu isiyo na seli kama kidhibiti. Adui wa pili ni kiputo: kimoja kikipita mferejini huzoa seli zote njiani mwake. Ondoa gesi kwenye mlo kwa mvuto wa hewa, na uupashe moto hadi nyuzi 37 kabla ya kuuingiza, kwa sababu mlo wa baridi ukipata joto ndani ya mfereji hutoa gesi.

Kumaliza kazi ya panya? Kwa sumu ya ini la binadamu, chipu tayari ina hoja nzito. Kwa mimba, tabia, kumbukumbu, au ugonjwa unaochukua miezi kujitokeza, bado sana.

Kwa nini dawa za sindano bado zinahusishwa na sungura na kaa?
*— Mfamasia*

Kwa sababu vipande vya ukuta wa bakteria, endotoksini, huleta homa kali hata bakteria wenyewe wakiwa wamekufa. Kuchemsha hakuviondoi. Vyombo vya kioo vinahitaji joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Kwanza walitumiwa sungura 3: unawadunga dawa na kuwapima joto. Kisha ikagunduliwa kwamba damu ya kaa wa *Limulus*, mwenye gamba mfano wa kwato la farasi, huganda ikikutana na endotoksini. Frederik Bang aliueleza mgando huo mwaka 1956. Sungura wakapata nafuu, kaa wakaanza kukamuliwa damu.

Leo kuna njia mbili zinazowaacha wote wawili. Ya kwanza ni kijenzi C, protini ya damu ya kaa inayoitambua endotoksini, kinachotengenezwa maabara kwa jeni la kaa, kilichobuniwa Singapore, ambacho hutoa mng'ao endotoksini ikiwepo. Kina faida ambayo wengi huisahau: hakidanganywi na beta-glukani za uyoga na selulosi, ambazo huigandisha damu ya kaa kwa njia nyingine. Ya pili ni seli nyeupe za binadamu zinazolazwa na dawa usiku kucha, kisha hupimwa IL-6 au IL-1 beta (kemikali za kuamsha homa) zilizotoa. Hii hunasa hata visababishi vya homa visivyo endotoksini, jambo ambalo kaa hawezi. Farmakopia ya Ulaya imeikubali tangu mwaka 2010.

Ukifanya yoyote, tia kwenye sampuli kiasi cha endotoksini unachokijua, uone unakipata tena. Kinachorudi kiwe kati ya asilimia 50 na 200. Kikiwa chini, dawa yenyewe inazuia kipimo. Izimue zaidi au rekebisha pH ifike kati ya 6 na 8, ila usivuke kiwango cha juu cha kuzimua ulichokokotoa.

Hata hivyo, si salama zaidi kumpa nyani kwanza kabla ya binadamu?

Kingamwili TGN1412, dawa ya majaribio iliyolenga mfumo wa kinga, ilipita kwa nyani. Mwaka 2006 jijini London watu 6 wenye afya walidungwa dozi mara 500 chini ya ile iliyoonekana salama kwa nyani, na wote 6 waliishia chumba cha wagonjwa mahututi, miili ikiwa imefurika saitokini, kemikali za kinga. Baadaye sababu ilijulikana: baadhi ya seli za T za kumbukumbu za binadamu zina kipokezi cha CD28, na za nyani wale hazina. Dawa ilikuwa inatafuta mlango ambao kwa mnyama haukuwepo.

Na sahani ya seli nayo iliwahi kukosea kwa dawa hiyohiyo. Seli za damu ya binadamu zilipochanganywa na kingamwili ikiwa inaelea kwenye jimaji, hazikusisimka. Ilipobandikwa kwanza kwenye kitako cha kishimo, zikalipuka. Kwa hiyo ukipima kingamwili za namna hii, fanya njia zote mbili. Marekani ilibadilisha sheria mwishoni mwa mwaka 2022, ikaondoa sharti la tangu 1938 la kutumia wanyama kabla ya majaribio ya watu. Haikuwakataza wanyama. Iliruhusu seli, chipu na kompyuta zihesabiwe kama ushahidi.

Kamati ya maadili imenirudishia pendekezo kwa sababu nimeandika "panya 10 kwa kundi" bila maelezo. Nitetee vipi idadi?

Kumi ni idadi ya vidole, wala si hoja. Kwa makundi mawili, ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti kwa kiwango cha asilimia 5, idadi kwa kila kundi inakaribia 16 mara mraba wa jibu hili: mchepuko sanifu (jinsi vipimo vinavyotawanyika) gawanya kwa tofauti unayoitafuta. Mchepuko ukiwa 10 na tofauti 10, unahitaji 16. Ukiweza kuushusha mchepuko hadi 7, hesabu inatoa 8. Ongeza mmoja kwa kuwa kundi ni dogo. Kwa hiyo kazi ya kupunguza panya inafanyika kabla ya kuwaagiza: vipimo virudiwe mara mbili, saa ileile ya siku, mtu yuleyule awashike. Na washikwe kwa kuwaingiza kwenye bomba la plastiki au kwa viganja vilivyokunjwa, wasinyanyuliwe kwa mkia. Mkia huwatia hofu, na hofu huongeza mchepuko.

Wagawe kwa bahati nasibu, na anayepima asijue nani kapewa nini. Jambo moja zaidi ambalo kamati nyingi hulikamata: dawa ikitiwa kwenye maji ya kizimba chenye panya 4, una kipimo kimoja, huna vinne.

Je, shuleni tuendelee kupasua vyura?
*— Mwalimu wa baiolojia*

Kwa kuonyesha viungo vilivyo na jinsi vilivyopangwa, programu za kompyuta na vielelezo vya silikoni vinatosha, na mwanafunzi anaweza kurudia akikosea. Kisichofundishwa na skrini ni uzito wa mkono. Hicho kifundishwe kwa moyo au figo kutoka machinjioni: uoshe, ugandishe, na siku ya somo uyeyushe ndani ya jokofu usiku kucha, si juani, ili tishu isilegee kabla ya kisu kufika. Kwa kushona majeraha, pedi ya silikoni yenye matabaka matatu itavumilia mishono mingi. Ikianza kuchanika kwenye uzi, mwanafunzi anavuta kwa nguvu kupita kiasi.